Kisanduku cha Tatu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Asubuhi mvua nyepesi, ya kulowesha kanga bila kutuliza vumbi. Saa mbili jua likatoka. Nimeanza kazi.

Niandike kwa mpangilio ili baadaye nisibishane na kumbukumbu. Mahali ni Visiga, ukumbi uliokuwa wa kuuzia mabati na misumari, nyuma kidogo ya Barabara ya Morogoro. Mwajiri ni Onesmo, miaka ishirini na tisa, ndevu chache na maneno mengi. Ametengeneza mchezo wa mashine unaoitwa Rede 2190. Mashine yenyewe ni kabati jeusi lenye kioo kikubwa kama mlango wa choo, na mbele yake jamvi la mpira lenye taa ndani. Watu wawili wanasimama juu ya jamvi, wanaruka, wanainama, wanakwepa. Kwenye kioo wasichana wawili wenye viatu vya moto wanaruka kama wao, juu ya sayari nyekundu, huku mitambo miwili yenye mikono sita ikiwarushia mpira wa radi. Katikati kuna chupa. Ukikwepa vizuri, chupa inajaa mchanga. Ukipigwa, umetoka, na sauti nzito ya kiume inasema, “Karibu tena, shujaa.”

Yaani rede. Ile ile tuliyocheza nyuma ya madarasa kwa soksi iliyojazwa matambara. Ameipeleka mwaka 2190 ili wanaume waicheze bila aibu.

Kazi yangu ni kujaza fomu moja kwa kila mchezaji: umri, jinsia, dakika alizocheza, na visanduku vitatu. Amefurahia. Hakufurahia. Hajui kucheza. Chini kuna mstari wa maelezo.

“Wa kisanduku cha tatu hatuwahesabu, dada Atu,” alisema Onesmo. “Mtu hajui kucheza, maoni yake yana msingi gani?”

Nilimjibu kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililolisikia tangu nifike.

Tarehe 9 Mei jopo la watu watatu litatoka Dar kuja kuamua. Wakiupitisha mchezo, zitatengenezwa mashine ishirini, na mimi nitaajiriwa kuusimamia ukumbi huu na kuendelea kukaa katika chumba cha nyuma nilichopewa. Wasipoupitisha, ukumbi unafungwa na mimi narudi Maili Moja kwa kaka Ipyana, kulala na watoto wake watatu na kumsaidia mkewe, Wema, kukanda maandazi ya biashara. Nina miaka thelathini na nne. Chumba hiki kina kitanda, meza, na dirisha la wavu, wala hakuna mtoto anayekojoa humu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Wachezaji wanne, wote wanaume. Wote wanne waliuliza kama wale wasichana wanaweza kubadilishwa wawe wanaume.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu, joto la kunata. Leo amekuja Latifu, dereva wa bodaboda wa kituo cha hapo mbele, na mashabiki wake sita ambao wangepaswa kuwa wanatafuta abiria.

“Dada, hii ni ya mwaka 2190 kweli? Mbona jana tu nimewaona wadogo zangu wanaicheza uani?”

“Shuka kwenye jamvi. Umeshapigwa.”

“Nimepigwa wapi? Umepita pembeni ule!”

“Bishana na mashine.”

Akabishana nayo. Dakika kumi nzima mtu mzima mwenye leseni alisimama akilieleza kabati kwamba halikumwona vizuri. Mashabiki wakamuunga mkono. Mmoja alitaka kujua refa amekaa wapi. Nimeweka alama kwenye “Amefurahia”, kwa sababu mwanaume anayebishana hajapata kuchukia alipo.

Onesmo naye alikuwepo na koti lake, katika joto hili, akiwaelezea kwamba michezo ya Afrika itaingia katika zama mpya. Hakuna aliyemsikiliza. Anapenda sana neno “zama”.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya asubuhi, jua la mchana. Ramadhani, wengi wamefunga na mchana ukumbi ni mtupu. Saa tisa na nusu waliingia wasichana watatu wa sekondari, sare zimelowa pindoni. Wawili wakacheza. Mmoja akapigwa mapema, mwenzake akabaki, akakwepa vizuri mno, akajaza chupa. Fataki zikalipuka kwenye kioo. Akageuka kunitazama.

“Anti, mbona mwenzangu harudi?”

“Ametoka. Amepigwa.”

“Si nimejaza chupa? Kuokoa iko wapi?”

“Hakuna kuokoa. Huu ni mchezo wa 2190.”

“Kumbe 2190 watu hawatakuwa na wenzao?”

Wakacheka wote watatu, cheko lile la wasichana la kusukumana mabega, wakaondoka wakiwa bado wanacheka. Nimejaza fomu tatu, hata ya yule aliyetazama tu. Kisanduku cha tatu, zote. Kwenye mstari wa maelezo nimeandika: ameuliza kuokoa.

Ieleweke kwamba kanuni naijua. Aliyebaki ndani akijaza chupa, wote waliopigwa wanarudi. Shuleni kwetu Tukuyu mimi ndiye niliyekuwa nabaki. Nimejaza chupa chini ya mipira miaka minne kwa ajili ya wasichana waliopigwa kwa sababu walikuwa wanatazama kucha zao. Wakirudi ndani, wanapigwa tena. Nadhani Onesmo amefanya jambo moja la akili maishani mwake, nalo ni kuifuta kuokoa. Anayelilia kuokolewa hajui kucheza.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kubwa. Wachezaji saba. Wawili wameuliza kuokoa. Kisanduku cha tatu.

Jumapili, 30 Machi

Jua kali. Nimekwenda Maili Moja baada ya ibada. Kaka Ipyana alikuwa amelala na gazeti usoni. Wema alikuwa uani na karai la mafuta, anachoma maandazi, anaongea na jirani juu ya ukuta, anamfokea mtoto, na anacheka, yote kwa pamoja na yote kwa sauti ileile.

“Karibu wifi! Bado unaangalia watu wanavyoruka?”

“Nakusanya maoni.”

“Na wewe umeshauruka?”

“Kazi yangu ni kuandika.”

“Ee! Basi wewe unawaambia watu chumvi imekolea na sufuria hujafunua.” Akamgeukia jirani. “Shoga, njoo umwone wifi yangu msomi.”

Nilikunywa chai nikaondoka. Wema anajua kiasi cha hamira na hakuna kingine. Nimehesabu: katika saa moja na nusu ameniuliza maswali kumi na tisa na hakusubiri majibu ya kumi na moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua usiku kucha, asubuhi ukungu. Nimejumlisha na kufunga hesabu ya Visiga. Fomu 212. Kisanduku cha tatu, 61, hawahesabiwi. Waliobaki ni 151, na kati yao 127 wamefurahia. Asilimia themanini na nne.

Onesmo aliisoma tarakimu hiyo mara mbili, kisha akacheza muziki usiokuwepo katikati ya ukumbi, na koti. Akawapigia simu watu wa jopo palepale. “Themanini na nne, mama! Utafiti wa kitaalamu, fomu zipo!” Akaniambia alikuwa na wasiwasi kwamba kuna kitu kwenye mchezo hakiko sawa, hajui ni nini, na alipanga mwezi huu autazame upya wote. Sasa hana haja.

Nilifurahi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilikwenda chumbani nikapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku nzima. Hakuna aliyekuja. Paa limevuja juu ya mashine, nimeiwekea ndoo. Ndoo ndiyo mchezaji pekee wa leo, na haikuuliza kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya vipande. Jopo limetaka maoni ya vijijini pia, kwa hiyo tumetoka na mashine kwenda Kisarawe: kesho Kurui, keshokutwa Chole. Mashine na jenereta tumezipakia kwenye kirikuu, tumezifunika turubai. Baada ya Maneromango gari likazama. Onesmo alishuka kusukuma na viatu vyeupe. Nani anavaa viatu vyeupe kwenda Kurui mwezi wa nne? Wakulima wawili waliokuwa wanapita walitusaidia, mmoja akauliza tumebeba nini. “Mustakabali wa michezo,” akasema Onesmo, tope hadi magotini. Yule mzee akaitikia kwa adabu, “Haya, baba. Sukuma.”

Tumefikia kwa Mwalimu Mwinjuma, mkuu wa michezo wa shule ya hapa Kurui. Mkewe ametupikia wali na kisamvu. Nitalala vizuri.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi mawingu, saa sita jua. Siku hii inahitaji kurasa.

Mashine tuliiweka kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Saa saba Mwalimu Mwinjuma akaleta wanafunzi kwa kipindi cha michezo, na watu wazima waliokuwa wanatoka shamba wakasimama na majembe yao kutazama. Kwa haraka nilihesabu watu arobaini kwenye foleni na wengine wengi pembeni. Mwalimu alitoa hotuba fupi, Onesmo ndefu. Jenereta likawashwa.

Wa kwanza kucheza walikuwa wavulana. Walipigwa upesi, wakacheka, wakashuka. Kisha wanafunzi wakaanza kupiga makofi na kuita jina moja: “Rukaya! Rukaya!” Akaja msichana wa kidato cha pili, mwembamba, akavua viatu akavipanga vizuri pembeni, akamvuta mwenzake, Kidawa, mkono. Mwalimu akaninong’oneza kwamba kata nzima hakuna anayeweza kumpiga Rukaya kwa mpira.

Ilikuwa kweli. Kidawa alipigwa kwenye mpira wa tatu, akashuka, akachuchumaa ukingoni mwa jamvi kama wanavyochuchumaa waliotoka. Rukaya akabaki peke yake. Sijaona mtu akiucheza mchezo huu namna ile kwa wiki sita. Hakutazama kioo kama wanavyokitazama wengine, kwa kukodoa. Alikuwa anausikia mpira. Baraza zima likawa linahesabu mchanga. Chupa ikajaa. Fataki. Kelele kama za harusi.

Rukaya akamshika Kidawa mkono, akamrudisha ndani. Kidawa akaruka juu ya jamvi, mikono juu.

Mashine haikumwona. Mpira ukaja, Kidawa akaukwepa, lakini kwenye kioo hakukuwa na Kidawa. Kulikuwa na msichana mmoja tu. Rukaya akasimama wima akisubiri. Mpira ukampiga. “Karibu tena, shujaa,” ikasema ile sauti.

“Anti, imeharibika,” Rukaya akaniambia.

“Haijaharibika.”

“Nimejaza.”

“Umejaza. Una alama elfu kumi.”

“Alama za nini? Kidawa si yuko nje?”

“Ndivyo mchezo ulivyo.”

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyepotea njia na hataki kuelekezwa, akaenda akavaa viatu vyake. Foleni ikamfuata. Hakuna aliyezomea. Wasichana walikwenda kwenye kiwanja cha pembeni ambako tope lilikuwa limekauka kidogo, mmoja akatoa mpira wa matambara mfukoni mwa sketi, na wavulana wakaenda kuwatazama. Nilijaza fomu thelathini na moja kwa waliokwisha kucheza na waliojaribu. Saa tisa jenereta lilikuwa linaunguruma mbele ya watu sita, wawili wao wakiwa Onesmo na mimi.

Aliyebaki kwa hiari yake ni bibi mmoja, jina lake Mwanamkuu, jembe begani, kanga imefungwa kiunoni.

“Nani kakitengeneza?”

“Mimi, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Una dada wewe?”

“Ninao watatu.”

“Walikuwa wanacheza rede?”

“Kila siku, bibi.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nawatazama.”

“Kutokea wapi?”

“Juu ya ukuta wa uani.”

“Ndiyo,” akasema bibi. “Umetengeneza rede ya mtu wa juu ya ukuta. Niambie, baba, ile chupa wanaijaza kwa ajili ya nani?”

Onesmo akafikiri kwa uaminifu kabisa. “Kwa ajili ya alama.”

Bibi alicheka mpaka akalishusha jembe na kuifunga upya kanga yake. Onesmo akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalikosa. Miaka mitatu amefanya kazi juu ya mchezo huu. Alijua chupa inajazwa. Hakujua inajazwa kwa ajili ya nani.

“Dada Atu, hili la kuokoa, kule Visiga kuna mtu aliwahi kulisema?”

“Wasiojua kucheza,” nikasema.

Nilisema bila kusita. Bibi Mwanamkuu akanikagua kuanzia miguuni.

“Wewe ulicheza, wewe,” akasema. “Naona unavyosimama.” Akabeba jembe lake akaenda zake.

Alhamisi, 24 Aprili

Chole. Mvua ya rasharasha. Yaleyale, kwa watu wachache zaidi. Fomu ishirini. Wasichana kumi na wawili wameuliza kuokoa. Kisanduku cha tatu. Kwenye ya tisa mkono ulisita, nikaulazimisha.

Onesmo hakuongea njia nzima ya kurudi. Ni mara ya kwanza ningeweza kufaidi safari naye, na sikuifaidi.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Ukumbi umefungwa. Nimezitoa fomu zote za Visiga nikazipanga sakafuni.

Za kisanduku cha tatu ni 61. Katika hizo, kumi na nne ni za watu wasiojua kucheza kweli: mlevi mmoja, mzee aliyedhani ni televisheni, watoto wadogo. Arobaini na saba zina maneno matatu yaleyale kwa mwandiko wangu uleule: ameuliza kuokoa. Ya kwanza ni ya tarehe 18 Machi. Ya mwisho ni ya tarehe 4 Aprili. Sikukosa hata moja. Kila mmoja amenijia na kuniambia kasoro ya mchezo, nami nimeiandika kwa hati nzuri, nikaweka alama kwenye kisanduku kinachofanya isisomwe.

Nimejumlisha upya kwa haki, pamoja na Kurui na Chole. Watu 263. Waliofurahia, 131. Chini ya nusu.

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikimdharau Onesmo kwa kutojua. Angeweza kujua tarehe 18 Machi saa tisa na nusu. Alikuwa na karibu miezi miwili ya kurekebisha. Aliamini themanini na nne, na themanini na nne niliitengeneza mimi, si kwa hila. Ningeona nafuu kama ingekuwa kwa hila. Niliitengeneza kwa sababu niliwaona wapumbavu.

Sasa pia naandika lile lingine. Hakuna atakayezisoma fomu hizi moja moja. Jopo litasoma tarakimu. Tarakimu ni nzuri, na chumba ni changu.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. Nilimwambia Onesmo saa nne, alipokuwa anakula chipsi mayai juu ya lile kabati, jambo nililokwisha kumkataza. Nilimpa fomu arobaini na saba. Akazisoma zote, akiacha alama za mafuta pembeni.

“Kumbe ulikuwa unajua, dada Atu?”

“Kanuni nilikuwa naijua. Nilidhani umeifuta kwa makusudi.”

“Sikuifuta. Sikuwa naijua.”

“Sasa unaijua. Irudishe.”

“Kwa siku kumi na moja?” Akacheka vibaya. “Kuokoa si kupaka rangi. Mchezo wote umejengwa kwamba aliyetoka hayupo. Mashine haina pa kumweka.”

Kisha akasema, taratibu, akiitazama chipsi: “Fomu zibaki zilivyo. Wapitishe kwanza. Wakishapitisha tutarekebisha. Nani ataumia?”

Nikakubali. Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea. Nikamwona akinitazama kwa dharau, mtu ambaye nimemdharau tangu Machi, na nikaona kwamba safari hii anayo haki.

Jumanne, 6 Mei

Mvua inapungua. Onesmo halali, macho mekundu kama sayari yake. Anasema amefanikiwa kumfanya aliyetoka aonekane kwenye kioo, lakini anatokea kichwa chini.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi jua safi, mbingu imeoshwa. Nimefagia mara mbili.

Walifika saa nne. Mwenyekiti wao ni mama Stellamaris, mtu mzima, miwani, viatu vya chini, macho ya mwalimu wa hesabu. Pamoja naye kijana aitwaye Hashiru, simu mbili mkononi, na mzee mmoja aliyesinzia mapema. Onesmo alivaa koti. Alieleza zama mpya. Alieleza asilimia themanini na nne. Mama Stellamaris alikuwa anafunua fomu huku anamsikiliza, na nilijua mara moja kwamba nilikosea: huyu ni mtu anayesoma moja moja.

“Hebu tuone,” akasema. Akavua viatu, akamwita Hashiru, wakasimama kwenye jamvi.

Alicheza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alipigwa kwenye mpira wa sita, akachuchumaa ukingoni na sketi yake ya ofisini, akaanza kumpigia Hashiru kelele. “Inama! Inama wewe, acha ushamba! Kulia!” Hashiru, kwa bahati kubwa kuliko ujuzi, akajaza chupa. Fataki. Mama Stellamaris akainuka, akaingia ndani ya jamvi, akasimama tayari, mikono imekunjuliwa, anacheka kama ana miaka kumi na miwili.

Mpira ulikuja, ukaenda. Aliukwepa. Kwenye kioo hakuwepo.

“Mbona hainioni?”

Onesmo akasema, “Umetoka, mama.”

“Huyu si kajaza?”

Alishuka polepole, akavaa viatu, akarudi kwenye meza, akaziweka fomu mbele yake. “Watu mia mbili na zaidi,” akasema. “Wamo wasichana tele humu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hili?”

Onesmo alikuwa anatazama sakafu. Hakunitazama hata kidogo, na naamini alifanya hivyo kwa wema.

“Waliuliza,” nikasema.

“Wako wapi?”

“Kisanduku cha tatu.”

Akafunua. Akafika kwa wasichana watatu wa tarehe 18 Machi. Akasoma. Akafunua tena, na tena. “Hajui kucheza,” akasoma kwa sauti. “Hajui kucheza. Hajui kucheza. Huyu amecheza dakika tisa, dada yangu. Mimi nimecheza mbili.”

“Palipoandikwa hajui kucheza, mama,” nikasema, “msome kwamba Atupele hakutaka kusikiliza. Mwenye mchezo hakuonyeshwa. Kuokoa angeitia tangu Machi kama ningemwambia.”

Hashiru akasema, “Kwa hiyo takwimu zote hizi ni za uongo?”

“Maneno ni ya kweli. Alama ndizo mbaya.”

Yule mzee aliamka, akauliza kama wamemaliza.

Waliongea nje kwa nusu saa, chini ya bati la mbele. Waliporudi mama Stellamaris alisema mchezo haukupita. Onesmo anaweza kuuleta tena masika ya mwakani, ukiwa na kuokoa, na fomu ziwe zimejazwa na mtu mwingine. Kisha akanigeukia. Hakuwa na ukali.

“Una mwandiko mzuri sana,” akasema. “Usiandike tena maoni ya watu.”

Walipoondoka Onesmo alivua koti. Nilikuwa nasubiri matusi. Nilikuwa nimeshayapanga na majibu yake.

“Ungenyamaza,” akasema.

“Ningenyamaza.”

“Sasa?”

“Sijui, Onesmo. Alivyosimama pale yule mama kusubiri. Sijui.”

Akatikisa kichwa, akachomoa waya wa mashine ukutani, akaanza kuuzungushia mkononi. Akasema yule wa kwenye kioo aliyekuwa anatokea kichwa chini, jana alisimama sawa. Hakuniambia mapema kwa sababu huyo wa kwenye kioo bado hawezi kutembea. Akaniuliza kama bado nakumbuka kanuni zote za Tukuyu, yaani nani anarudi wa kwanza, na kama wanarudi wote au mmoja mmoja. Nilimweleza mpaka jua linazama, naye akaandika. Anaandika ovyo sana, mistari inapanda.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi kavu, upepo wa kusini. Masika yamekwisha.

Nimehamia Maili Moja. Kaka Ipyana alinisaidia kushusha mizigo kwenye bajaji, akauliza kilichotokea, nikamwambia, akasema “Pole” na kurudi kwenye gazeti lake. Watoto wamenipa godoro la dirishani. Mdogo amekwisha kulikojolea.

Jioni nilikanda na Wema. Aliniuliza maswali, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba asiposubiri jibu ni kwa sababu ameshaliona usoni mwangu. Nilimsimulia yote. Alicheka palipochekesha, hata pale nilipodhani hapachekeshi.

“Kwa hiyo kazi uliyofukuziwa ni kuandika watu hawajui.”

“Ndiyo.”

“Na hili daftari unaloandika kila jioni, nalo lina visanduku?”

“Halina.”

“Mimi nimo?”

Nilifikiria kudanganya. Unga ulikuwa umenifika viwikoni. “Umo.”

“Vizuri au vibaya?”

“Vibaya, wifi.”

Aliacha kukanda, akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi, machozi yakamtoka, akaita ukutani, “Shoga! Njoo usikie, nimeandikwa vibaya na msomi!” Akajifuta kwa upande wa kanga. “Ingekuwa mimi ndiye mwandishi, wifi,” akasema, “wewe peke yako ungenimalizia madaftari mawili. Haya, finyanga hayo, unayaacha makubwa mno.”

Ni kweli, nilikuwa nayaacha makubwa mno. Nikayapunguza. Ameniambia kesho tunaamka saa kumi. Sasa ni saa nne na dakika ishirini, nalala.